Ulimi wa Kuazima

"Haya mjomba, unamwambiaje?"

Mlinzi wa lango alikuwa ameshika mkuki na hataki mtu apite. Jua linazama, nyuma yetu kuna watu wanatufuata. Nilikuwa nimeshapanga cha kumwambia. Ukitufungulia na ikaonekana sisi ni waongo, lawama zitatuangukia sisi. Usipofungua na habari tuliyobeba ikachelewa kumfikia mkuu wako, lawama ni zako peke yako. Hoja fupi, safi. Neno la kwanza lilikuwa "bwana".

Sasa, mimi na herufi B hatujawahi kupatana. Midomo ilifungana, shingo ikakaza, sauti ikagoma. Sekunde tatu. Sekunde tano. Nje mvua inapiga mabati, ndani watu wananitazama kwa mwanga wa mshumaa.

"Bwana mkubwa!" akanimalizia mpwa wangu wa kike. Ndiyo tabia yake. Tangu ana miaka minne ananimalizia maneno, na mara nyingi anakosea.

"Wewe, acha," kaka yake akamwambia. Halafu akanisogezea kofia. "Mjomba, chota kizibo."

Tulikuwa Tosamaganga, nyumbani kwa mama, zile siku za kati ya Krismasi na mwaka mpya. Watu wa Iringa wanaujua msimu huo: mvua kila mchana, umeme unakuja na kuondoka, ulanzi wa kwanza umeanza kupatikana. Mpwa wangu wa kiume anasoma chuo Dar es Salaam, na huko hosteli amejifunza mchezo unaoitwa Dungeons & Dragons. Kitabu hana. Ana zile sheria za msingi ambazo wenye mchezo wanazitoa bure mtandaoni, zimo kwenye simu yake yenye kioo kilichopasuka. Mchezo unataka dadu ya pande 20. Dadu ya namna hiyo kwetu kule utaitafuta mpaka uchoke. Kwa hiyo aliokota vizibo 20 vya soda, akaviandika namba kwa makapeni, akavitia kwenye kofia ya marehemu babu yake. Unachota bila kuangalia, unasoma namba, unakirudisha. Hesabu ni ileile.

Mchezo wenyewe ni hadithi. Mmoja anakuwa msimamizi, sisi tulimwita refa. Yeye anaieleza dunia na kuwasemea watu wote waliomo, isipokuwa wahusika wenu. Ninyi wengine kila mmoja ana mhusika wake. Refa anasema mko wapi na mnaona nini, ninyi mnasema mnafanya nini. Jambo likiwa rahisi linafanyika tu. Likiwa na mashaka, mnachota. Hadithi yetu ilikuwa ya wajumbe wanaotaka kuingia kwenye ngome ya mawe iliyo kando ya mto. Hakutaja jina la ngome. Lakini Kalenga haiko mbali na kwetu, na kila mtoto aliyekulia pale ameshapelekwa kwenye makumbusho ya Mkwawa angalau mara moja, kwa hiyo hakuna aliyeuliza.

Kinachoamua mhusika wako anaweza nini ni karatasi. Kila mhusika ana sifa sita zilizopewa namba: nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, busara na mvuto. Mtu wa kawaida ana kama 10. Ukizidi hapo unapata nyongeza, ukipungua unakatwa. Halafu kuna orodha ya ujuzi 18 unaotegemea sifa hizo: kunyata, kutibu, kujua habari za kale, kutambua mtu anayedanganya, kutisha, kughilibu, kushawishi. Ujuzi ambao mhusika wako amefundishwa unamwongezea pointi nyingine.

Mimi nilikabidhiwa malenga, kwa sababu nilichelewa kufika mezani na ndiye aliyekuwa amebaki. Mvuto 16, amefundishwa kushawishi, jumla ya nyongeza yake ni 5. Refa alikuwa amepanga kwamba mlinzi yule anahitaji 15, yaani ugumu wa kati. Nilihitaji kuchota 10 au zaidi, vizibo 11 kati ya 20.

Nikachota 14.

"Anafungua," refa akasema. "Malenga amesema maneno ambayo mlinzi hajawahi kuyasikia tangu azaliwe."

Na mimi nilikuwa sijasema hata moja.

Aliyelalamika ni mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo. Yuko seminari, na seminari inamfundisha kubisha kwa adabu.

"Kaka, samahani sana, sikusemi wewe. Lakini hii si haki. Kwenye bao hakuna mtu anayechota kizibo ili ajue kucheza. Unajua au hujui."

Sikuweza kumpinga, maana tumekulia barazani pamoja. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na kila kete iko wazi mbele ya macho ya wote. Hakuna dadu, hakuna karata iliyofichwa. Unaanza na kete 22 mkononi, unanamua moja moja mpaka ziishe, unaingia kwenye mtaji, na muda wote huo mtu pekee wa kulaumiwa ni wewe. Drafti la vizibo ni hivyohivyo. Michezo ya wazee wetu haikukopeshi ujuzi. Ndiyo maana mzee aliyeshindwa bao anaondoka bila kuaga.

Mpwa wangu wa kike hakukubali. Yeye kidato cha tatu, mwembamba kama ufito, na mhusika wake ni askari mwenye nguvu 18.

"Baba mdogo, jana nimenyanyua gogo lililoziba mlango. Mbona hukuniambia niende stoo nikanyanyue gunia la mahindi kwanza?"

"Nguvu ni kitu kingine. Gogo halipo hapa. Maneno yapo hapa."

Nimekuwa nikiifikiria sentensi hiyo tangu siku ile, na naona aligusa penyewe. Katika mchezo ule gogo ni la kudhani, mkuki ni wa kudhani, hata mto ni wa kudhani. Kitu pekee ambacho kiko mezani kwelikweli ni maneno. Mchezo wote unafanyika kwa kusema. Kwa hiyo mhusika anapopigana tunajua ni hadithi, lakini anapoongea tunataka kumsikia mchezaji. Mwenye misuli midogo anaruhusiwa kuwa shujaa. Mwenye ulimi mzito anaombwa athibitishe kwanza.

Baadaye nilisoma nikaona kwamba ubishi huu ni mkongwe kama mchezo wenyewe. Dungeons & Dragons ilitoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, katika vijitabu vitatu. Mvuto ulikuwemo tangu mwanzo, lakini kazi yake kubwa ilikuwa kuonyesha unaweza kuajiri wafuasi wangapi na watakutii kiasi gani. Ujuzi wa kushawishi haukuwepo. Ukitaka kumpita mlinzi, unasema na msimamizi anapima. Ukitaka kugundua mtego ukutani, unaeleza unapapasa wapi na kwa kutumia nini. Mwaka 1975 kikatoka kitabu cha nyongeza kilichomleta mwizi, akiwa na asilimia zake za kufungua kufuli na kujificha gizani. Mlango ukawa umefunguliwa: kama mwizi anaweza kuwa na namba ya kufungua kufuli ambayo mchezaji hajui hata inafananaje, kwa nini msemaji asiwe na namba ya kusema? Toleo la tano la mwaka 2014 ndilo lenye ile orodha ya ujuzi 18, na kushawishi, kughilibu na kutisha kila kimoja kina mstari wake.

Ubishi wetu haukufika huko. Ulikatwa na mama, aliyekuwa jikoni anapanga kuni na ambaye tulidhani hasikilizi.

"Hata Musa alipewa Haruni," alisema. "Na Musa ndiye aliyetumwa."

Mseminari akanyamaza. Sote tukacheka, mchezo ukaendelea.

Lakini usiku ule sikulala vizuri, na sababu haikuwa ubishi. Kilichonisumbua ni kile kizibo.

Nina kigugumizi tangu nilipoanza kuongea. Darasa la tano tulikuwa tunasoma kwa sauti, kila mtu aya moja, kwa kufuata madawati. Nilikuwa nahesabu madawati, naitafuta aya yangu, naipitia kimya kimya mpaka naijua kwa moyo. Zamu ikifika, nakwama kwenye neno la kwanza. Mwalimu anasubiri, darasa linaanza kucheka pole pole, mwalimu anasema "kaa, hukujiandaa". Hilo ndilo lililokuwa linauma. Kicheko nilishakizoea. Ila mimi ndiye niliyejiandaa kuliko wote mle ndani.

Nikawa mwandishi wa habari. Watu hushangaa. Kazi ya gazeti inanifaa, kwa sababu kwenye karatasi hakuna anayejua kwamba sentensi hii ilinichukua dakika kumi. Haruni wangu ni kalamu. Lakini mkutano wa waandishi ni mlinzi wa lango. Unanyoosha mkono, unapewa kipaza sauti, swali lako ni zuri, umelikesha, na midomo inafungana. Muongozaji anatabasamu kwa huruma na kusema "tutarudi kwako". Hawarudi. Kesho yake swali langu linaulizwa na mwenzangu niliyemnong'oneza, na linajibiwa.

Kwa hiyo kizibo namba 14 kilipaswa kunifurahisha. Kwa mara ya kwanza lango lilifunguka bila mimi kuhangaika. Mbona nilijisikia kama nimekaa tena kwenye lile dawati?

Karibu na alfajiri nikaelewa. Refa alisema malenga ametoa maneno ambayo mlinzi hajawahi kuyasikia. Hakuna mtu mezani aliyeyasikia pia. Ile hoja yangu ya lawama, niliyoipanga na kuipenda, ilibaki kooni na hakuna aliyeiuliza. Kizibo kilinisaidia kama mtu asiye na la kusema. Na mimi sijawahi kukosa la kusema. Ninachokosa ni njia ya kulipitisha. Mpwa wangu, kwa wema kabisa, alinifanyia kile alichofanya mwalimu, ila kwa tabasamu: alinihurumia ulimi na kuniruka hoja.

Jioni iliyofuata nikawaomba tubadilishe kidogo. Nililieleza kwa shida, maana siku hiyo hata P ilikuwa imejiunga na B. Nilisema hivi: tutenganishe hoja na ulimi. Mtu anayetaka kushawishi aseme kwanza anataka kumwambia mwenzake nini, kwa namna yoyote, hata kwa kuandika kwenye karatasi, hata kwa neno moja moja. Refa apime hoja tu. Ikiwa nzuri, mchezaji achote vizibo viwili na kutumia kikubwa. Ikiwa ya kawaida, kimoja. Ufasaha wa kuisema usihesabiwe kabisa, kwa sababu umeshahesabiwa kwenye namba ya mvuto.

Refa akapekua simu akakuta kumbe hatubuni kitu. Sheria ya kuchukua dadu kubwa kati ya mbili imo, na kitabu cha wachezaji cha 2014 kinataja njia mbili za kuongea: kumsemea mhusika kwa sauti yake, au kueleza tu anachosema. Zote zinakubalika. Mseminari alifikiri kidogo, akasema, "Hiyo nakubali. Hoja ni ya mchezaji, sauti ni ya mhusika." Sijui kama wanafundishwa hivyo huko au ni yake.

"Lakini mjomba si uimbe tu?" mpwa wa kike akauliza. "Wewe ni malenga. Na ukiimba hukwami."

Ni kweli. Wengi wenye kigugumizi wanaijua siri hiyo: kwenye wimbo hakitokei, na hata kwenye kuigiza mara nyingi kinapungua. Kwaya ya kanisani niliimba miaka minne bila kukwama hata mara moja, halafu natoka nje kuomba maji ya kunywa nakwama. Nikamwambia hapana. Watu wamekuwa wakiniambia niimbe maisha yangu yote.

Usiku huo kwa mkuu wa ngome niliandika hoja yangu kwa penseli nikampa refa. Akaisoma mwenyewe, kimya, akaguna. "Vizibo viwili." Kwa kimoja nilikuwa na nafasi 55 kati ya 100, kwa viwili zinakaribia 80. Nikachota 4 na 17. Safari hii mlango ulipofunguka nilijua nimeufungua na nani: mimi na malenga, kila mtu na sehemu yake.

Halafu ikafika zamu ya mpwa wa kike.

Askari wake alikamatwa ghalani na ikabidi ajitetee mbele ya walinzi. Lazima nimweleze huyu binti. Anaongea. Anaongea akila, akifua, akisinzia. Mdahalo wa shule anaupenda kuliko chakula. Akasimama mezani pale, mkono kiunoni, akatoa utetezi wa dakika mbili ambao mimi ningeulipia. Hoja tatu, mfano mmoja, akamalizia na swali. Mama alitoka jikoni kusikiliza. Mseminari akapiga makofi.

"Safi," refa akasema. "Vizibo viwili. Mvuto wako ngapi?"

Kimya. Ili apate nguvu 18 alikuwa ameweka namba yake ndogo kwenye mvuto. 8. Kwa hiyo anakatwa 1, na kushawishi hajafundishwa. Walinzi walihitaji 15. Alitakiwa kuchota 16 au zaidi.

Akachota 6. Akachota 11.

"Hawajakuelewa," refa akasema. "Umesema, lakini wameona tu askari anayekoroma. Wanakufunga."

"Nini? Lakini nimeongea vizuri! Nyie si mmesikia?"

"Sisi tumesikia. Wao hawajasikia."

"Haki iko wapi hapo?"

Alikasirika kweli, machozi yakawa karibu. Akadai hoja ilikuwa sahihi, na ilikuwa sahihi. Akadai kila mtu mezani alikubali, na tulikubali. Nilijua ningeweza kumwombea refa alegeze, na kwa sekunde kadhaa nilitaka. Sikumwombea. Sidhani ilikuwa kwa kisasi. Nilikuwa sijawahi kumwona mtu mwingine akiwa pale.

Tulipokuwa tunaosha vyombo, yeye anasugua mimi nasuuza, akaniuliza bila kunitazama.

"Mjomba, yaani mtu anaweza kuwa na neno sahihi kabisa na bado lisifike?"

"Kila siku," nikasema. Lilitoka lote kwa mara moja. Yapo maneno ya namna hiyo.

Hakusema kitu mpaka sufuria likaisha. Kwake yeye huo ni muda mrefu.

Kuna mchezo mwingine wa aina hii, RuneQuest, wa mwaka 1978, ambao kila ujuzi wake una asilimia. Ukiutumia ukafanikiwa mahali pa hatari, unaweka alama, na safari ikiisha unarusha dadu kuona kama umejifunza kitu. Sharti lake liko kinyume na ulivyozoea: ili ujuzi uongezeke, lazima dadu izidi asilimia uliyo nayo tayari. Mwenye 90 hajifunzi kwa urahisi tena. Mwenye 20, karibu kila akijaribu kuongeza anaongeza. Nimeipenda sheria hiyo kuliko zote, nikidhani inanihusu mimi.

Siku ya kuondoka alinisindikiza mpaka stendi, amebeba mfuko wa mapichi ambao mama aliulazimisha. Dirishani kwa mkata tiketi kulikuwa na foleni nyuma yetu. Mimi nashukia njiani, Morogoro, na M siku ile iliamka vibaya.

"Mmm," nikaanza.

"Mafinga?" akauliza mkata tiketi. "Mikumi? Sema basi kaka, watu wengi."

Nikamtazama mpwa wangu kwa mazoea, kwa sababu hapa ndipo anapoingia. Anajua naenda wapi. Alinifungashia mwenyewe. Alikuwa ameshafungua mdomo.

Akaufunga. Akahamisha mfuko wa mapichi kutoka mkono huu kwenda huu, akasimama hapo mbele ya foleni nzima kama mtu mwenye siku nzima ya kusubiri, akinitazama mimi, siyo mkata tiketi.

Lilichukua muda. Likatoka.